Namna ya kusomesha kisa cha Nabii Musa kama habari ya ukombozi

Nasomesha darsa ya kina mama hapa Wete, Pemba, baada ya alasiri. Ukitaka kisa cha Musa kiwafike watu, usianze na fimbo wala bahari. Anza Suratul Qasas, aya ya 4: Firauni alijikweza katika nchi, akawagawa watu makundi, kundi moja akalidhoofisha. Uliza: dhulma hii imeanzia wapi? Watakujibu wenyewe, kwenye kugawa. Ndipo usome ya 5, Mwenyezi Mungu anapotaka kuwaneemesha waliodhoofishwa na kuwafanya warithi.

Taja kuwa wengine nao wamesoma hivyo: padri Gustavo Gutiérrez wa Peru, aliyeandika mwaka 1971 juu ya Mungu na ukombozi wa maskini, Ali Shariati wa Iran, aliyewasomesha vijana historia upande wa wanyonge. Usikawie hapo, kina mama wana ya kwao.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabeba karafuu kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Hapa soma Suratul Balad: njia ngumu ya kupanda ni kumwacha huru mtumwa. Basi ukombozi nao ni ibada.

Ukifika 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, punguza mwendo. Mkeka mmoja huwa umekaliwa na ambaye Mapinduzi yalimpa babu yake eka tatu, na ambaye babu yake alikuwa Unguja siku zile na hakurudi. Usiwaache wajibizane. Kila mmoja amalize yake, kisha fungua Suratul Aaraf, aya ya 129: Musa anawaambia watu wake, huenda Mola wenu akamwangamiza adui yenu, akakufanyeni nyinyi warithi wa nchi, aone mtatendaje. Naishikilia sana aya hii. Ushindi haufungi hesabu. Aliyeshinda ndio kwanza anaanza kutazamwa.

Halafu lete pishi, kile chombo cha kupimia, uiweke mkekani. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi, na wapo wanaotaka aijaze mpaka ifurike, malipo yawe ya pishi ya kawaida. Soma aya tatu za mwanzo za Suratul Mutaffifin, zinazowaonya wanaopunja vipimo. Kama yumo mwenye shamba darsani, yeye ndiye aijaze mbele ya wote, aifute kwa kiganja mpaka iwe sawa na mdomo. Malipo ya msimu yazungumzwe hapo hapo, kabla ya magharibi.