Dawa ya Minyoo na Kupe kwa Ng'ombe wa Maziwa Anapokaushwa

Ng'ombe wa maziwa hukaushwa, yaani huachwa kukamuliwa, takribani siku 60 kabla ya kuzaa, mimba ikiwa imetimiza miezi saba, na siku hiyohiyo ndiyo inayofaa kumnywesha dawa ya minyoo. Maziwa hayakamuliwi, hivyo dawa hupata muda wa kutoka mwilini. Tena kinga yake hupungua anapokaribia kuzaa, na minyoo hutaga mayai kwa wingi, yakamsubiri ndama kwenye malisho.

Kwanza mkague. Vuta kope ya chini ya jicho. Utando wa ndani ukiwa mweupe, damu imepungua. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili ya minyoo. Peleka kinyesi kibichi maabara, kwani dawa moja haiui minyoo yote. Wafugaji wengi wa Kisauni na Likoni huamini kwamba ng'ombe asiyetoka bandani hawezi kupata minyoo ya ini, ilhali majani yaliyokatwa bondeni wakati wa masika, palipotuama maji na kuishi konokono, huileta mpaka kwenye hori.

Uzito usikisiwe kwa macho. Zungusha utepe wa kupimia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Ng'ombe wa kilo 400 anayepewa albendazole ya asilimia 10 kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kila kilo hunywa mililita 40. Akipunjwa, minyoo inayosalia hujenga usugu. Dawa hii haifai mimba ikiwa changa, na kwa minyoo ya ini huua iliyokomaa tu.

Wakati wa kumnywesha, kichwa kiwe sawa na mgongo, kisiinuliwe juu. Pitisha mdomo wa chupa pembeni mwa shavu, umimine kidogo kidogo huku ukitazama koo likimeza. Akikohoa, mwachie ashushe kichwa, maana dawa ikiingia mapafuni inaweza kumuua.

Sindano ya ivermectin, dawa nyingine ya minyoo, inataka uangalifu zaidi, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu na kutokea kwenye maziwa. Lebo nyingine hukataza isitumiwe zikisalia siku 28 kabla ya kuzaa, nyingine siku 60. Isome dukani kabla hujalipa. Mimi huandika tarehe na jina la dawa kwa chaki ukutani mwa banda, ili hata kijana anayekamua aione.

Kupe hawana likizo. Ng'ombe asiyetoa maziwa husahaulika kirahisi, na hapa Pwani ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, humpata wakati huo. Endelea kumnyunyizia dawa kwa ratiba aliyokupa daktari wa mifugo, na ufikie ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja.

Akizaa kabla ya siku zilizotarajiwa, ndama anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, kama kawaida, ila mpigie daktari, na maziwa yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.