Kabla hujapanda gari kwenda tamasha la mashairi Kisumu

Binamu yangu ameniuliza mara tatu wiki hii kama kweli tamasha la mashairi ni kitu cha kujitayarishia, yeye anaona ni kuvaa vizuri, kupanda gari, kufika Kisumu na kukaa kitini washairi wamwage yao. Nikamwambia unaweza kwenda hivyo, mimi mwenyewe mara ya kwanza nilienda hivyo hivyo, nikarudi nimekula samaki ngege wa nguvu lakini ungeniuliza huko kulisemwa nini singekutajia hata mshororo mmoja. Kwa hivyo haya ni yake, na ni ya wengine wa hapa Nakuru ambao tutabanana nao kwa hiyo matatu.

Anza na bango. Wengi wetu tukitumiwa bango kwa simu tunaangalia tarehe na kiingilio, basi. Soma majina. Wale wa herufi kubwa ndio wageni wa heshima, wao ndio watapewa jukwaa muda mrefu, wale wadogo chini wana shairi moja au mawili na wanashuka. Chukua jina moja moja utafute shairi lake moja tu, na usilisome kimoyomoyo, lisome kwa sauti jikoni ukingoja chai ichemke, watoto wakicheka wacha wacheke. Shairi ni kitu cha sikio. Sikio ambalo halijawahi kumsikia huyo mtu linamaliza dakika tano za kwanza likizoea tu lafudhi yake, na kuna washairi ambao hizo dakika tano ndizo zote walizopewa.

Halafu kuna watatu ambao hata kama hawako kwa bango wataingia ukumbini tu, kwa sababu hawa vijana wa sasa wakiandika wanawajibu wao, wakijua wasijue. Wa kwanza ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alifungwa 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya twendapi, na huko ndani akaandika mashairi kwa karatasi ya choo, yakatoka kitabu 1973, Sauti ya Dhiki. Ukisikia mtu jukwaani anaongea na serikali kwa vina vilivyonyooka kabisa bila kutukana, ujue huyo amepitia hapo. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, na huyu watu husahau kwamba ni mtu wa ziwa hili hili letu, amezaliwa Ukerewe 1944, upande wa Tanzania. Alipotoa Kichomi 1974, mashairi bila vina wala mizani, wazee wa ushairi waliwaka, ikawa ubishi wa miaka kama hayo ni mashairi ama ni maneno yamekatwakatwa tu. Ubishi huo haujaisha, utausikia Kisumu, kama si jukwaani basi kwa foleni ya choo.

Wa tatu ni Okot p'Bitek. Ni Mwacholi wa Uganda, lakini Kisumu hakuwa mgeni, alipoondoka Kampala alikuja kufanya kazi hapo upande wa masomo ya nje ya chuo kikuu cha Nairobi, na 1968 akaanzisha tamasha la sanaa hapo hapo mjini. Sasa mtu akikuambia ati Kisumu imejua mambo ya mashairi juzi kwa sababu ya TikTok, muulize 1968 babu yake alikuwa ameketi wapi. Na Kiacholi na Dholuo, lugha ya Wajaluo wa Kisumu, ni ndugu, ndiyo maana mzee wa Kisumu anaweza kusikia shairi lake refu Wer pa Lawino kwa lugha yake ya kwanza akacheka mahali ambapo wewe uliyesoma Kiingereza chake bado unatafuta utani uko wapi.

Kuna pia ile hesabu ya mizani ambayo wengi wetu tuliiacha kwa chumba cha mtihani kidato cha nne. Huhitaji yote. Tathlitha, takhmisa, ukwapi na utao, hayo majina ya aina za beti na vipande vya mshororo rudi nayo ukipenda, lakini jambo moja la kurudia kabla ya safari ni kuhesabu silabi kwa vidole, maana ukiijua hiyo unasikia mlango ukifungwa kila mshororo ukifika mwisho. Chukua hii nimetunga sasa hivi nikiandika:

Ziwa leo liko shwari, mashua zinaondoka,
Wavuvi wana habari, nyavu zao zimechoka.

Zi-wa-le-o-li-ko-shwa-ri, nane. Ma-shu-a-zi-na-o-ndo-ka, nane. Kina cha kati ri, cha mwisho ka. Si shairi la kushinda zawadi lakini jaribu kubadilisha "wavuvi" uweke "wavuvi wetu" uone vile linachechemea, silabi mbili tu zimeingia na mguu mmoja umekuwa mrefu. Malenga akiwa jukwaani hahesabu, ameshahesabu miaka mingi, ni wewe mskilizaji unafaa kuwa na hicho kipimo kichwani ili akivunja mizani makusudi ujue amevunja na ujiulize kwa nini hapo.

Sasa tufike mahali nilipoaibika. Kisumu sidhani watu wataweka mashairi ya karatasi peke yake bila nyatiti, kile kinanda cha Wajaluo, na nyatiti ina sheria zake. Jathum, yaani mpigaji, anaketi kwa kigoda kifupi sana karibu na ardhi, nyuzi nane, mguuni amefunga njuga, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mbao, kwa hivyo mtu mmoja anakuletea kinanda, ngoma na kayamba kwa wakati mmoja na bado anaimba. Mimi nikanyamaza kama niko kanisani. Halafu katikati ya wimbo mzee mmoja wa koti la kahawia akainuka, akapaza sauti, na muziki ukasimama, nikadhani ni fujo nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Kumbe ni pakruok. Mtu anasimamisha wimbo, anatoa pesa, anajisifu, yeye ni mtoto wa fulani, mkwe wa watu wa mahali fulani, ng'ombe wao wakinywa maji mto unapungua, vitu kama hivyo, watu wanamshangilia, akimaliza nyuzi zinarudi pale pale zilipoachia. Huyo mzee alisimamisha wimbo mara nne, kila mara noti ya mia, na mara ya nne akasifu miguu ya mke wake, mama mwenyewe ameketi hapo amejifunika uso kwa leso, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kwa hivyo jitayarishe na mambo mawili. Moja, noti ndogo ndogo mfukoni, za hamsini na mia, kwa sababu huwezi kusimamisha muziki halafu uwaambie watu ngojeni niweke namba ya siri ya M-Pesa. Pili, majigambo yako, mistari miwili mitatu uliyotunga nyumbani, si lazima iwe Dholuo, nimesikia mtu akijisifu Kiswahili cha Bungoma na wakampigia makofi vizuri tu. Taja kwenu, taja mtu wa kwenu, weka chumvi nyingi, usitukane, kaa chini. Wale wenzetu Waluhya wakileta litungu, kinanda chao, au ngoma ya isukuti sheria zinabadilika tena, isukuti hasa haikuulizi kama umejitayarisha, inakuinua tu.

Lakini hiyo ruhusa ya kukatiza usiibebe uende nayo kwa jukwaa lile lingine la washairi wenyewe! Hapo mtu akinyamaza katikati hajamaliza, anapumua, ama anakungoja. Ukipiga makofi kila akivuta pumzi unamvunjia jengo lake. Vijana wamezoea kupiga vidole, kile cha kati na gumba, mstari ukiwauma, inatoa sauti kama mvua ya kwanza kwa majani, na nimeipenda kwa sababu haimfuniki msemaji. Makofi weka ya mwisho.

Kama kuna shindano la slamu, jua utaratibu wake mapema kwa sababu unaweza kuchaguliwa jaji ukiwa umekaa zako na njugu mkononi. Huu mchezo ulianzia Chicago miaka ya 80, aliyeuanzisha, Marc Smith, alikuwa mtu wa mjengo, na wazo lake lilikuwa kwamba anayehukumu shairi asiwe profesa, awe mtu wa kawaida aliyekuja kukunywa kitu. Ndio maana majaji watano wanatolewa kwa watazamaji. Kila mmoja anatoa alama kati ya sifuri na kumi, ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa zinatupwa, tatu zilizobaki zinajumlishwa. Dakika tatu kwa mshairi, ukizidisha unakatwa. Shida moja inajulikana, alama hupanda kadiri usiku unavyosonga kwa sababu watu wanachangamka, kwa hivyo wa kwanza huonewa kila mara. Ndio kuna yule wanamtanguliza nje ya mashindano awe kama kafara, majaji wapime mkono kwake. Ukipewa hiyo kadi ya alama usianze na tano ya uchoyo ukijiwekea nafasi, mtu amekuja kutoka Siaya na nauli ya kukopa.

Safari sasa, na hapa nitaenda mbio. Kutoka Nakuru ni kama masaa manne hivi, Salgaa, Mau Summit, Kericho, Ahero. Utapanda gari na koti, Londiani utalishukuru hilo koti, Kericho ukungu umeshika majani chai, halafu mnateremka na kufika Ahero kwenye mashamba ya mchele kila mtu anavua. Kwa hivyo vaa vitu vya kuvulika. Nguo ya ndani ya sweta iwe ya kuonekana na watu, usinichekeshe.

Mwavuli beba hata kama asubuhi jua ni kali, hasa kama kuna jua kali. Kisumu mchana upepo wa ziwa unasukuma hewa yenye unyevu kuelekea milima ya Nandi, jioni inapasuka, radi na mvua ya kweli. Kwa tamasha maana yake ni moja, kama jukwaa liko chini ya mabati na mvua ikaanza, hakuna spika itakayoshindana nayo, na watakaosikia ni wale wa mistari miwili ya mbele. Kaa mbele mapema. Ikifika saa kumi na ukaona wingu limesimama upande wa Nandi, kojoa, nunua maji, rudi kitini.

Mbu wako, na huko malaria si hadithi ya kutishia watoto, mafuta ya kupaka na mikono mirefu jioni, na ulale ndani ya neti. Usisubiri taa ziwake ndio ukumbuke. Samaki wa pale ziwani unachagua mwenyewe mbichi, unaelewana bei kabla hajaguswa, halafu unangoja, tena sana, kwa hivyo agiza saa sita kama unataka kula kabla ya kipindi cha saa nane. Na beba sabuni kidogo ama ndimu, maana utakutana na mshairi unayempenda utake kumsalimia kwa mkono unaonuka mbuta. Bodaboda na tuktuk, bei kabla hujakaa. Pawabenki. Basi.

Ukiwa unataka kupanda maiki wazi, ile ya yeyote anayetaka, wewe mwenyewe, jiandikishe ukifika tu, kabla ya salamu, orodha hujaa haraka. Pima shairi lako kwa saa ya simu ukilisoma kwa sauti na kwa utulivu, lile unaloliona la dakika mbili ni la nne. Maiki iwe mbali na mdomo kama ngumi moja, usiimeze. Na usisome kwa simu. Nasema hivi nikiwa na kidonda, mimi nilisimama mahali, sitataja, nikiwa ubeti wa tatu, ule mtamu, nikainua mkono juu kwa madaha kama mwanasiasa, kushusha macho skrini imezima. Nikabonyeza. Inataka kidole. Kidole kina jasho. Inataka namba, nikaweka namba ya simu ya zamani, watu wananitazama, mama mmoja nyuma akasema "pole baba, maliza tu na yale unakumbuka," na niliyoyakumbuka yalikuwa jina langu. Chapisha kwa karatasi, herufi kubwa kabisa, ngumu kidogo isitetemeke na mkono, ama likariri.

Kurekodi wengine, omba. Shairi jipya likitoka kwa simu yako usiku huo huo mwenyewe hajalichapa hata, umemnyang'anya. Badala yake nunua kitabu, washairi wengi wanaviuza wenyewe kutoka kwa mfuko wa mgongoni, na hapo tena pesa taslimu inasaidia kwa sababu mtandao hulemewa watu wakiwa wengi. Ukimpa asaini mtajie jina lako herufi kwa herufi, mimi nina kitabu kimesainiwa mtu simjui.

Binamu amesoma hadi hapa akanitumia majigambo yake ya pakruok, mistari mitatu, nimehesabu, ya kwanza silabi tisa, ya pili kumi na moja, ya tatu saba. Nimemwambia aache hivyo hivyo, pakruok haipimwi kwa vidole. Lakini pale amemtaja baba mkwe na deni la ng'ombe wawili, hapo afute, baba mkwe ni wa Ahero na atakuwepo.