Namna ya Kuifuatilia Reli ya Uganda Ukiwa Nairobi

Anayetaka kuelewa jinsi milki ya Waingereza ilivyoifunga bara ya Afrika Mashariki kwenye biashara ya dunia asianzie Mkutano wa Berlin. Aanze na Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kwa kuwa reli iliacha vitu vya kushikika: vyuma, hesabu, barua. Chagua swali moja dogo, mfano nani alilipwa nini. "Ukoloni ulituathiri vipi" litakumalizia siku bila kupata ukurasa wa maana.

Pitia kwanza Makumbusho ya Reli ukiwa na tepu ya kupimia. Pima upana wa njia kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine, pale juu kwenye kichwa cha chuma. Ukipima katikati kwa katikati utakosea. Utapata takriban milimita 1000, ilhali reli mpya ya SGR ni 1435. Njia ya mita moja ilikuwa tayari imeenea India, kwa hiyo injini, mabehewa na mafundi waliweza kuletwa kutoka huko bila kubuni upya chochote. Vibarua wapatao 32,000 walivushwa bahari kutoka India. Tepu hiyo inakudokezea jinsi reli hii ilivyoitegemea India ya Waingereza. Ila angalia kibao cha kiwanda kwenye kila injini: zile kubwa za aina ya Garratt ni za karne ya 20, hazithibitishi lolote kuhusu 1896.

Kabla ya kwenda Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, andika tarehe hizi: himaya ya Waingereza (East Africa Protectorate) yatangazwa 1895, ujenzi waanza Mombasa 1896, reli yafika Nairobi, maili 327, Mei 1899, yafika ziwani Desemba 1901. Halafu 1902, mwaka unaowapoteza wengi. Hadi hapo Naivasha na Kisumu zilikuwa chini ya Uganda, kwa hiyo barua zao zilielekezwa Entebbe. Kisumu yenyewe itafute kama Port Florence. Na usitafute "Kenya" kama jina la koloni kabla ya 1920. Tafuta East Africa Protectorate.

Jalada likikosekana, usikate tamaa. Moto wa 1939 uliteketeza nyaraka nyingi za serikali hapa Nairobi, lakini nakala za barua zilizotumwa London zimo huko: mfululizo wa FO 2 (wa Wizara ya Mambo ya Nje) hadi 1905, kisha CO 533 baada ya utawala kuhamia Wizara ya Makoloni.

Hesabu ziko kwa rupia. Rupia 1 ni anna 16, na tangu mwisho wa miaka ya 1890 rupia 15 zilikuwa pauni 1, na pauni ya wakati huo ilikuwa peni 240, yaani rupia ni peni 16. Ukikuta rupia 45 na anna 8, zidisha 45.5 kwa 16: peni 728, sawa na pauni 3 na peni 8. Kiwango hiki usikitumie kwa miaka ya nyuma zaidi, wakati rupia ilipanda na kushuka pamoja na bei ya madini ya fedha, wala kuanzia 1920, kilipobadilishwa.

Nukuu kwa penseli, na uandike namba ya jalada na ya ukurasa kabla hujalirudisha. Nukuu isiyo na namba hutaweza kuirudia wala kumwonyesha mtu.