Kabla ya Kukubali Ufadhili wa Kampuni kwa Mafunzo ya Upangaji wa Meno

Daktari wa meno aliyechagua fani ya upangaji wa meno hupokea mapema mialiko ya makampuni, na mialiko hiyo haina uzito mmoja. Ipo ya siku mbili, inayomfundisha kutumia aina moja ya braketi, yaani vishikizo vidogo vinavyobandikwa kwenye meno ili kushika waya, au vifuniko vya plastiki angavu vinavyosogeza meno, na upo ufadhili wa masomo yote ya ubingwa, ambapo kampuni humlipia mwanafunzi ada na posho kwa sharti kwamba akihitimu ataitumikia kwa miaka kadhaa. Jambo la kwanza ni kutambua umeitwa kwenye upi, kwa kuwa kosa katika ule wa kwanza hugharimu siku chache, ilhali kosa katika ule wa pili huweza kula sehemu kubwa ya ujana wa kazi.

Ualimu wa fani hii na biashara ya vifaa vyake vimekwenda pamoja tangu mwanzo, kwa hiyo si haki kuuona kila ufadhili kuwa hila. Edward Angle, aliyefungua shule ya kwanza ya upangaji wa meno huko St. Louis mwaka 1900, alikuwa pia na hataza za vifaa vilivyouzwa kwa madaktari. Hata hivyo, uainishaji wa kasoro za kuumana kwa meno alioutoa mwaka 1899 bado unatumika kliniki hadi leo, wakati vifaa vyake vya kwanza havimo tena mikononi mwa madaktari. Ndiyo maana swali ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: mafunzo haya yakiisha, nitaweza kufanya nini kwa mgonjwa ambaye kifaa cha kampuni hakimfai?

Jibu lake huonekana kwenye ratiba, basi iombe kwa maandishi kabla ya kujiandikisha. Tafuta saa zilizotengwa kwa uchunguzi, kwa ukuaji wa taya, kwa uamuzi wa kung'oa au kutong'oa meno, kwa hatari ya mizizi kufupika wakati jino linaposukumwa, na kwa namna ya kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Kama mada hizo zimebanwa asubuhi ya siku ya kwanza na muda uliobaki wote ni wa kuagiza na kubandika, hayo ni mafunzo ya kutumia bidhaa. Yanaweza kumfaa sana bingwa anayetaka kuongeza njia moja ya tiba, lakini hayamfanyi mtu kuwa bingwa, hata cheti kiwe na muhuri mzuri kiasi gani. Kwa kulinganisha, programu ya ubingwa inayotambuliwa Marekani haipaswi kupungua miezi 24 na saa 3,700.

Kisha zitazame kwa makini kesi zinazoonyeshwa na wakufunzi. Kwa kawaida utaona picha mbili za tabasamu, moja kabla na nyingine baada ya tiba, na meno yaliyosongamana sasa yamekaa kwenye mstari. Omba picha ya eksirei ya kichwa iliyopigwa kwa upande mwishoni mwa tiba. Hapo ndipo utaona kama meno ya mbele ya taya ya chini yamepata nafasi kwa kulala kwa nje, kuelekea mdomo wa chini, jambo ambalo picha ya tabasamu hulificha kabisa. Omba pia picha za mgonjwa huyohuyo miaka miwili baada ya kuvuliwa vifaa, na uulize kesi zilizoshindikana ziko wapi. Madai ya kasi nayo yapimwe kwa utafiti ulio huru. Braketi zinazojifunga zenyewe, yaani zinazoushika waya bila kufungwa kwa mpira au uzi wa chuma, ziliuzwa kwa muda mrefu kwa ahadi kwamba zinafupisha matibabu, lakini majaribio yaliyowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu hayakuonyesha upungufu wa muda wenye maana. Mkufunzi mwaminifu atakuambia hivyo hata kama analipwa na mtengenezaji.

Kwa ufadhili wa muda mrefu, kiini cha mambo ni mkataba, nao unastahili wakili aliyeteuliwa na kulipwa nawe mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Orthodontic Education Company ilifadhili programu za ubingwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, na wanafunzi waliopokea fedha zake walijifunga kufanya kazi kwa miaka saba baada ya kuhitimu. Mpango huo ulizua mjadala mkali ndani ya taaluma. Mtu aliyelemewa na mikopo ya masomo huiona miaka saba kuwa bei nafuu siku anapotia sahihi. Kabla hajatia sahihi hiyo, ajiulize ni nani atakayempangia mji wa kuishi, mshahara utakokotolewa vipi, na nani mwenye neno la mwisho juu ya idadi ya wagonjwa kwa siku na kifaa kitakachotumika. Akitaka kuondoka katikati atalipa nini, na je, deni hilo hupungua kwa kila mwaka aliotumikia au hubaki lilelile? Kipo pia kifungu kinachomzuia kufungua kliniki yake karibu na alikofanyia kazi. Kisomwe kwa umbali na kwa miaka. Zaidi ya yote, mkataba useme nini kitatokea kampuni ikiuzwa au ikifilisika. Orthodontic Centers of America, iliyokuwa ikisimamia kliniki nyingi za upangaji wa meno, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2006.

Gharama ndogondogo zisipuuzwe. Mafunzo ya bure mara nyingi hufuatwa na ununuzi wa skana, ada ya programu ya kompyuta, au kiwango cha kesi kinachotakiwa kila mwaka. Mwaka 2009 Align Technology ilitangaza sharti la angalau kesi kumi kwa mwaka kwa madaktari wanaotumia Invisalign, vifuniko vyake vya plastiki angavu, kisha ikaliondoa baada ya malalamiko. Hakikisha pia kwamba alama za elimu endelevu zinatambuliwa na bodi inayokusajili, na ujue kwamba katika baadhi ya nchi fadhila hizi hutangazwa hadharani: Marekani, chini ya sheria ya mwaka 2010, watengenezaji wa vifaa tiba huripoti malipo, safari na hata milo wanayowapa madaktari, wa meno wakiwamo.

Mwisho, fikiria mapema utakachomwambia mgonjwa. Mzazi aliyemleta mtoto wa miaka kumi na miwili akikuuliza kwa nini umechagua kifaa hiki na si kile, uwe na sababu inayotoka kinywani mwa mtoto huyo, na uwe tayari kumweleza bila kusitasita ni kampuni gani iliyokulipia masomo.