Kabla lori lako halijakufia Gongoni: mambo ya kuzingatia kuhusu waranti ya injini

Ndugu zangu wenye malori, kuanzia Mtwapa mpaka Mokowe, nayaandika haya lori langu likiwa limelala kwa yadi ya dila, yaani wakala wa kampuni ya malori, huko Mombasa mara ya nne sasa, injini ile ile, ugonjwa ule ule, na mkononi nna barua ya mistari mitatu yasema waranti, ile ahadi yao ya kutengeneza bure kikiharibika, imekataliwa kwa sababu ya mafuta machafu. Lori lina miezi 14. Mkopo wa benki bado miaka mitatu. Nlichokuja kukijua kwa machungu ni kwamba waranti huipati siku injini imekufa, waipata ama waikosa mapema sana, kwa zile karatasi ulizoweka na kwa yale dereva wako aliyoyafanya nusu saa ya kwanza taa ilipowaka, baada ya hapo ni kubembeleza tu. Basi kama umenunua juzi ama uko mbioni kununua, kaa chini usome, na kama una mshirika msomee.

Anza na kile kijitabu cha waranti, kabla hujatia sahihi popote. Wengi wetu twakiona siku ya kuchukua funguo, kimetupwa ndani pamoja na jeki na spana ya magurudumu. Kiombe mapema, kaa nacho usiku mmoja. Tafuta mahali pameandikwa miaka na kilomita, halafu "chochote kitakachotangulia". Hayo maneno mawili ndo yenye lori. Mimi nabeba chumvi Gongoni napeleka Mombasa, narudi na simiti Malindi, kwenda na kurudi ni karibu kilomita 300, na mwezi mzuri napiga safari 22. Hiyo ni kilomita 6,600 kwa mwezi. Sasa ukiambiwa waranti ni miaka mitatu au kilomita 100,000, wewe huna miaka mitatu bwana, una miezi 15 na siku kidogo, na kila wiki injini inapoanza kusumbua ukasema "nimalize tu hii kazi kwanza" umekula karibu kilomita 1,500 za waranti yako mwenyewe.

Kwa kijitabu hicho hicho angalia ni vitu gani vimetolewa nje. Injini yaweza kuwa imefunikwa lakini nozeli za kupuliza dizeli, turbo ya kusukuma hewa, nyaya na sensa ziko kwa ukurasa mwingine na muda mfupi zaidi. Uliza pia kifaa kikibadilishwa, hicho kipya kina waranti yake ama kinakufa na ile ya mwanzo, manake mara nyingi ni ile ya mwanzo. Na uliza siku lori likilala kwa yadi ya dila wiki tano, hizo wiki zinaongezwa ama zimeenda. Wakisema zinaongezwa, iandikwe. Neno la mdomo la kijana wa mauzo ambaye miezi sita ijayo atakuwa ashahamia kampuni nyingine halikusaidii kitu.

Kuna vijana wananitumia video za Marekani, ati huko kuna sheria ya 1975 inayomkataza mtengenezaji kuivunja waranti yako kwa sababu tu umetia filta isokuwa yake. Ni kweli ipo, lakini ni ya huko kwao, ukiipeleka kwa kaunta Mombasa utaangaliwa tu. Za kwetu zijue. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 yampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Mteja ya 2012, na kuna ile ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo yasema kitu kilichouzwa lazima kifae kwa kazi ile muuzaji aliambiwa. Hapo kuna mambo mawili. Moja, mwambie muuzaji kwa maandishi lori ni la kazi gani, "nitabeba chumvi tani kadha, njia ya Gongoni hadi Mombasa", ili kesho asikwambie hakujua. Pili, mkataba waweza kuandikwa maneno ya kuikata hiyo haki ya Sura ya 31, kwa hivo yale maandishi madogo nyuma ya karatasi yasome hata kama ni kwa miwani ya mke wako.

Haya, sevisi. Hapa ndipo wengi twachinjiwa. Sevisi ikiandikwa kila kilomita 10,000 ama kila miezi kadhaa, basi ni hapo, usifike 11,500 ukasema oili bado nyeupe. Najua ugumu wetu, dila yuko Mombasa, kutoka Malindi ni kama kilomita 120, siku ya sevisi ni siku bila mzigo. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilipolikata daraja la Mbogolo, hata pesa ungekuwa nayo hupiti. Siku kama hiyo, andika barua pepe ama ujumbe wa WhatsApp siku hiyo hiyo, kabla kilomita hazijapita, "barabara imekatika, lori liko Malindi lina kilomita 39,800, mwaniambia nifanyeje?" Jibu lao ndo ngao yako, na wasipojibu, ujumbe wako uko pale na tarehe yake.

Oili na filta za katikati ya safari nunua pale wanapokubali wao, weka risiti, na boksi la filta lipige picha upande wenye namba. Risiti za dukani zafutika wino kwa joto letu hili, miezi mitatu imebaki karatasi nyeupe, zipige picha siku hiyo hiyo. Filta ya hewa usiifanyie mchezo ukiwa waenda Langobaya ama Baricho kwa vumbi, vumbi likipita hapo lasaga silinda na ringi pole pole, siku ya kufunguliwa injini wataiona mikwaruzo na watasema ni wewe, na hapo watakuwa na haki.

Na wenzangu wa chumvi, tuongee. Chumvi haili bodi peke yake. Inaingia kwa soketi za nyaya na kwa nyaya za athi, zile zinazofungwa kwa bodi, zinakuwa kijani, sensa inaanza kudanganya, injini yapoteza nguvu, kompyuta yaonyesha hitilafu ambayo haiko ndani ya injini hata kidogo. Lori langu mara ya kwanza nadhani ilikuwa ni hiyo na wao wakabadilisha pampu. Osha chini kwa maji baridi yasokuwa ya kisima cha chumvi, kila wiki, lakini mwambie mwoshaji asielekeze mashine ya presha kwa kompyuta ya injini na soketi zake, akifanya hivyo utakuwa umewapa sababu nyingine ya kukukataa.

Mafuta sasa, hili ndilo lililonimaliza. Hizi injini mpya zina nozeli zenye tundu ndogo sana na presha kubwa mno, maji kidogo ama mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli yatosha kuziua. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, na mwaka wa 2018 serikali ikapandisha tozo ya mafuta ya taa kusudi watu waache kuyachanganya, lakini dizeli ya mitungi pale kando ya barabara bado iko na madereva wetu bado wanainunua, tusidanganyane. Chagua vituo viwili ama vitatu, dereva atie hapo tu, alipe kwa simu ili kuwe na rekodi, kila risiti iwe na namba ya gari. Maji ya kwenye kichujio yamwagwe kila asubuhi.

Halafu, siku lori limekufa, kabla halijavutwa, kabla mtu hajagusa tangi, chota dizeli. Chupa tatu safi za kioo, kavu, si chupa ya soda iliyosuzwa, kila moja kama lita moja, funga, bandika karatasi yenye tarehe, kilomita na namba ya gari, dereva atie sahihi na shahidi mmoja. Moja yako, moja ya dila, moja ya maabara, na Mombasa maabara za kupima mafuta zipo. Mimi sikufanya hivyo. Tangi langu lilimwagwa kwa yadi yao nikiwa Malindi msibani, wakapima wenyewe, wakaandika wenyewe, na leo siwezi kusema ndio wala la.

Dereva na tanboi, msaidizi wake, wafundishwe kabla, si kwa simu wakiwa wamesimama kati ya Minjila na Witu jua lazama. Taa nyekundu ikiwaka ama joto likipanda, ni kando, injini izimwe, isiwashwe tena "kujaribu". Picha ya dashibodi ikiwa bado inaonyesha taa na kilomita. Video fupi ya moshi ama mlio kama ulikuwepo. Oili ipimwe na ipigwe picha KABLA ya kuongezwa. Wasimwite fundi wa kando ya barabara kufungua chochote, hata kama ni binamu yake, hata kama ni nozeli moja tu. Na kama kusimama hapo si salama, basi livutwe hadi pa salama, wasiliendeshe. Na ile tabia ya kutia tani mbili zaidi kwa sababu mwenye mzigo ameongeza pesa, jueni kompyuta ya injini inaweka kumbukumbu ya joto na mzunguko, na karatasi za mizani ya Mariakani zaweza kutumika kwako ama dhidi yako. Mkizibeba za uzito halali ziwekeni, ni dhahabu.

Ukifikisha lori kwa yadi yao, jobu kadi, ile karatasi ya kuandika kazi ya kufanywa, isome kabla ya kutia sahihi. Wao huandika "kukagua injini". Kataa. Iandikwe vile unavyolalamika, na maneno yawe YALE YALE kila mara unaporudi, "yapoteza nguvu ikipanda mlima na mzigo, moshi mweusi, taa ya injini", manake ukija kudai kwamba ni ugonjwa mmoja uliorudi mara nne, karatasi nne zenye maneno manne tofauti zitaonekana ni magonjwa manne. Ombi la pili, wakupe ile orodha ya namba za hitilafu kutoka kompyuta kabla hawajazifuta. La tatu, vifaa vilivyotolewa uvione na uvipige picha na namba zake, watasema ni mali ya kiwanda, sawa, picha haichukui mali ya mtu.

Kabla ya kufungua injini watakupa karatasi ya kukubali. Ndani yake mara nyingi kuna mstari kwamba waranti ikikataliwa gharama ya kufungua na kufunga ni yako, na ukikataa kulipia matengenezo utalichukua likiwa vipande vipande. Mimi nlitia sahihi bila kuona. Kabla ya sahihi uliza gharama ya juu kabisa ni ngapi, iandikwe. Andika kwa mkono wako "ifunguliwe nikiwepo mimi ama fundi wangu". Tafuta mkaguzi asokuwa wao, AA ya Kenya, kile chama cha wenye magari, hufanya ukaguzi wa magari, ama injinia aliyesajiliwa, akae pale siku hiyo. Pesa ya mkaguzi itakuuma, lakini ripoti yake ndo itakayosimama mbele ya ile yao.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi, na si "mafuta machafu" tu. Ni kipengele gani cha waranti, kipimo gani, maabara gani, picha ziko wapi. Wape siku 14. Usichukue lori ukaendelea kulitumia kimya mwaka mzima, sheria yaweza kuona umelikubali lilivyo. Ujumbe wa WhatsApp usifute, korti za Kenya zaupokea, ila wahitaji cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi, wakili anajua. Dai lisilozidi shilingi milioni moja laenda korti ya madai madogo, huhitaji wakili na sheria yataka liishe ndani ya siku 60. Likizidi hapo ni hakimu na ni safari ndefu. Lakini tazama kwanza mkataba wako kama wasema ugomvi uende kwa msuluhishi. Na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wateja waliodanganywa kuhusu bidhaa.

Benki nusura niisahau. Benki haijali lori limelala wapi, na bima yako ya kawaida hailipi injini iliyojifia yenyewe. Mwandikie meneja kabla hujakosa hata mwezi mmoja, umpe na nakala za jobu kadi, kwa sababu kwenye logibuku, kile cheti cha umiliki wa gari, jina lao liko pamoja na lako, lori ni lao pia. Yangu ilikubali kunipunguzia kwa miezi mitatu. Na daftari la safari zako liwe la kweli, tarehe, mzigo, malipo, siku ya kudai hasara ya kukaa bure utaulizwa ulikuwa waingiza ngapi.

Sisi wenye injini ya aina hii hapa Malindi tushajitambua sita mpaka sasa, wawili wa mchanga wa Sabaki, mmoja wa mawe, watatu wa chumvi. Hatutii mafuta kituo kimoja, hatuna fundi mmoja, na nozeli zetu zimekufa namna moja. Barua yetu moja yaenda makao makuu Nairobi na nakala kwa kiwanda, tunasubiri kuambatanisha namba za injini na jobu kadi. Mwenye lori kama hili na ugonjwa huu, kabla ya kulirudisha yadi tena, piga picha karatasi zako zote uzilete, tutakaa Jumamosi baada ya alasiri pale stendi ya malori.