Kutibiwa Retina Ukiwa Mkazi wa Lamu: Maandalizi na Dalili za Hatari

Mwongozo huu ni wa mtu wa Amu, Faza au Kiunga aliyeambiwa kwamba kisukari kimemharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, na akapewa rufaa ya kwenda Mombasa kwa sindano ya ndani ya jicho, leza (mwanga mkali unaochoma retina) au upasuaji. Tiba hizi zimeokoa macho mengi. Madhara yake makubwa ni machache, lakini yakitokea hayangoji, na mgonjwa aliye mbali na daktari bingwa anapaswa kuyajua kabla hajaondoka nyumbani.

Anza kwa kupanga safari ya kurudi. Kabla ya kukubali tiba yoyote, mweleze daktari unakokaa na njia unayopita: boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, kisha kilomita zipatazo 120 nyingine hadi Mombasa. Anayetoka Faza aongeze kwamba chombo hutegemea maji kujaa ili kipite mkondo wa Mkanda, na kwamba wakati wa kusi bahari huchafuka. Daktari anazihitaji habari hizi kama anavyohitaji kipimo chako cha sukari, kwa sababu uchaguzi wa tiba unategemea sana iwapo mgonjwa ataweza kurudi kwa wakati.

Sababu yake inaonekana katika utafiti wenyewe. Mwaka 2015 matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani yalionyesha kwamba, kwa wagonjwa ambao kisukari kilikuwa kimeotesha mishipa mipya dhaifu juu ya retina, waliochomwa sindano za ranibizumab, dawa inayozuia mishipa hiyo, hawakuona vibaya kuliko waliotibiwa kwa leza baada ya miaka miwili. Wagonjwa hao, hata hivyo, walifuatiliwa kwa karibu na kuitwa kliniki mara kwa mara. Mwaka 2019 watafiti wengine wa huko huko walichapisha habari za wagonjwa waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi sita kisha wakarudi, na wakaona kwamba macho yaliyotegemea sindano peke yake yalikuwa yameharibika zaidi, mengine retina ikiwa imebanduka, kuliko yaliyokuwa yamechomwa leza. Nguvu ya sindano hufifia baada ya wiki kadhaa, ilhali kazi ya leza hubaki. Leza nayo ina bei yake, kwani inaweza kupunguza uoni wa pembeni na wa usiku, jambo zito kwa mvuvi au nahodha. Pamoja na hayo, naamini kwa dhati kwamba mkazi wa visiwani mwenye mishipa ya aina hiyo, na asiye na hakika ya nauli ya kila mwezi, anapaswa kuuliza habari za leza mapema, wala asione haya kusema kwamba safari itamshinda.

Ikiwa tatizo ni uvimbe wa katikati ya retina, sindano ndiyo tiba inayotumika zaidi uoni ukishapungua. Jaribio lingine la mwaka 2015, lenye washiriki 660, lililinganisha bevacizumab, ranibizumab na aflibercept: kwa walioanza na upungufu mdogo wa kuona, dawa zote tatu zilifanya kazi sawa, kwa walioanza na upungufu mkubwa, aflibercept ilitangulia katika mwaka wa kwanza. Washiriki wengi walihitaji sindano kama tisa au kumi katika mwaka huo, kwa hiyo piga hesabu ya nauli na malazi kwa idadi hiyo. Bevacizumab ndiyo nafuu zaidi, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya saratani na chupa yake hugawanywa katika mabomba madogo ya sindano. Ugawaji usipokuwa safi, wagonjwa kadhaa huweza kuambukizwa kwa siku moja. Una haki ya kuuliza dawa yako iligawanywa wapi na kwa utaratibu gani.

Siku ya sindano, mwambie daktari ikiwa una chokea au usaha wa macho, ikiwa una mimba, au ikiwa ulipata kiharusi au shtuko la moyo hivi karibuni. Jicho litasafishwa kwa iodini, ambayo huwasha. Ivumilie, kwa kuwa ndiyo kinga inayotegemewa zaidi dhidi ya maambukizi. Usizungumze sindano inapochomwa, maana mate hubeba vijidudu.

Baada ya hapo, doa jekundu kwenye weupe wa jicho, mwasho wa siku moja na viputo vidogo vinavyoelea ni mambo ya kawaida. Kinachotisha ni maambukizi ya ndani ya jicho, ambayo hutokea takriban mara moja katika sindano 2,000 hadi 3,000, na mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza. Ukiwa na jamaa Malindi au Mombasa, kaa kwao siku chache badala ya kupanda basi kesho yake. Kila asubuhi ziba jicho lisilotibiwa na utazame kwa jicho lililotibiwa kitu kile kile, kama vile kalenda ya ukutani au ukurasa wa msahafu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, uoni ukififia, au mwanga ukiumiza, ondoka siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Ijumaa au sikukuu. Vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kinachoshuka kama pazia huashiria kwamba retina inachanika au inabanduka, na haraka yake ni ile ile.

Usinunue matone dukani ili kupoza wekundu. Mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huweza kuficha maambukizi huku jicho likioza ndani, na ikitumiwa kwa muda hupandisha presha ya jicho. Maambukizi haya hutibiwa kwa antibiotiki inayodungwa ndani ya jicho lenyewe, na pengine kwa upasuaji. Matone ya nyumbani hayayafikii.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa gesi ndani ya jicho, onyo ni moja zito: asipande ndege kutoka Manda wala kwingineko mpaka daktari athibitishe kwamba gesi imekwisha, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili hadi nane kwa kutegemea aina yake. Gesi hutanuka hewa inapokuwa nyepesi, presha ya jicho ikapanda, na jicho likaweza kupofuka safarini. Kupanda Nairobi kwa barabara kutoka pwani kuna hatari ya namna hiyo hiyo. Akihitaji upasuaji mwingine wowote katika muda huo, amwambie mtoa nusu kaputi kabla ya kulazwa, kwa kuwa gesi moja ya usingizi hutanua ile iliyomo jichoni.

Kabla ya kuondoka kliniki, omba uandikiwe jina la dawa, jicho lililotibiwa, tarehe na namba ya simu inayopokelewa usiku. Karatasi hiyo itie kwenye mfuko wa plastiki usiopenya maji, na nakala yake umwachie mtu wa nyumbani anayejua kusoma.