Kuziba mashimo ya ukuta kwa vitofali vya kuchezea: ninavyofanya Kisumu

Pita nyuma ya maduka ya zamani hapa Kisumu utaona plasta iliyobambuka, tofali limetoka, pengo limebaki wazi kama jino lililong'oka. Mimi huyaziba mapengo hayo kwa vitofali vya plastiki vya watoto. Aliyeanzisha sanaa hii ni Jan Vormann, Mjerumani, mwaka 2007 katika kijiji cha Bocchignano, Italia. Baadaye aliifanya Berlin, kwenye kuta zenye makovu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ukuta wa Kisumu una jua lake na mvua yake, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyofanya hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha ukuta umetulia

Vitofali hivi havibebi uzito wowote. Ufa unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha mara nyingi ni dalili kwamba msingi unacheza, hasa penye udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, urudi baada ya msimu wa mvua. Ukikuta ufa umevuka alama, usiurembe. Mwambie mwenye nyumba aite fundi, maana rangi nzuri juu ya ukuta unaoanguka ni kuificha hatari.

Hatua ya 2: Omba ruhusa

Mwenye duka mara nyingi ni mpangaji tu, kwa hiyo anza na keateka (mtunza jengo), akufikishe kwa landilodi. Jengo likiwa limetangazwa kuwa turathi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, usiliguse bila idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Zungumza pia na wanaofanya kazi chini ya ukuta huo. Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza, "Kijana wangu, vumbi hilo litamwagikia wapi?" Tangu siku hiyo natandika gunia kabla ya kugusa patasi, na naanza alfajiri kabla bidhaa hazijapangwa.

Hatua ya 3: Tafuta vitofali

Mimi huenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye mitumba ya vitu vya watoto, nikiwa na kitofali kimoja cha LEGO mfukoni. Kile cha nundu nane (vile vinundu vya juu vinavyoshikanisha) kina urefu wa milimita 31.8, upana 15.8 na kimo 9.6 bila nundu. Nakijaribisha juu ya kila aina ninayoikuta. Kisichoshika, au kinachohitaji kugongwa, nakiacha, kwa sababu tofauti ndogo ikirudiwa safu kumi hupindisha kazi nzima. Nunua pia vile vikubwa vya DUPLO. Vina vipimo maradufu kila upande lakini vinashikana na vidogo, na hujaza sehemu ya nyuma haraka. Osha vyote kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

Hatua ya 4: Safisha shimo

Nyunyiza maji kidogo, vaa barakoa (rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu), kisha toa kilicholegea tu kwa patasi na brashi. Usilipanue shimo. Liache likauke.

Hatua ya 5: Jenga ndani ya shimo

Kazi yenyewe iko hapa. Mara ya kwanza nilijenga kipande kizima mezani nikakisukuma ndani, na kabla ya wiki kuisha kilikuwa chini. Mashimo mengi ya plasta yana mdomo mwembamba na tumbo pana, na tumbo hilo ndilo litakalokushikia kazi. Sawazisha sakafu ya shimo kwa vibapa, yaani vile vipande vyembamba vya LEGO. Vitatu vikipandana hutoshana na kitofali kimoja. Panga DUPLO nyuma, kisha panda safu kwa safu ukipishanisha viungo kama fundi wa matofali, huku ncha za kila safu ukizipenyeza nyuma ya midomo ya plasta. Safu mbili za mwisho ziunganishe mkononi, ziingize kutoka mbele, uzibonyeze chini, kisha kaza juu kwa vibapa visivyo na nundu.

Usitumie gundi wala saruji. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko plasta, kwa hiyo acha nafasi ya unene wa kucha pembeni. Chini acha matundu mawili ya kutolea maji, la sivyo mvua ya upepo itatuama ndani na kuozesha plasta iliyobaki.

Kuhusu rangi, sijaribu kufananisha na ukuta. Kiraka kionekane, mtu ajue palikuwa na jeraha. Vyeupe naviweka vichache kwa sababu jua huvigeuza manjano.

Hatua ya 6: Rudi kukagua

Watoto watang'oa. Panapofikiwa na mikono yao naweka vikubwa tu, maana vidogo humkaba mtoto akimeza. Keateka namwachia mfuko wa akiba. Kabla ya kufunga safu ya mwisho, naandika tarehe kwa penseli ndani ya shimo, na kumwonyesha keateka pa kuchomeka bisibisi, ili siku fundi wa plasta akija avitoe vyote bila kuvunja kitu.